Mche wa Chai Kwenye Ndoo

Jumanne, mtaa wa Nengo, kando ya ziwa

Ameukata tena.

Nilikuwa naanika nguo. Kugeuka, namkuta mama mkwe ameinamia ndoo yangu, anavunja kwa ukucha kichipukizi cha juu cha mche wa chai. Mche huo nimeulea mwenyewe hapa uani. Nilitaka uende juu tu, siku moja uchungulie nje ya ukuta.

"Mama, uache ukue."

Akacheka. "Chai ukiiacha inakuwa muti, bibi. Inafaa ibakie hapa." Akajigusa kiunoni.

Bibi! Yeye katoka Goma, kwao bibi ni mke wa mtu. Mimi nimekulia Karagwe, kwetu bibi ni kikongwe, na kila akiniita hivyo nausikia mgongo wangu ukipinda.

Juzi nilimwambia mume wangu nataka kurudi kufundisha. "Bon, na mama atabaki na nani?" Kisha akawasha redio. Hata ziwa naliona kutoka kwenye kamba ya nguo tu. Tangu masika sijalifikia.

Jioni mama akaniita jikoni. Kumbe vile vichipukizi alikuwa anavikusanya, anavisugua na kuvikausha kwenye sufuria. Akavichemsha, akanimiminia kikombe. Nilimwomba Mungu iwe mbaya, nipate la kusema.

Sijawahi kunywa chai nzuri kama ile katika nyumba hii.

"Unaona, bibi? Ndiyo maana hatuiachake iende."

Nikamsogezea kikombe aniongeze.