Kunywa Uji Kabla ya Misa, Mama

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini kikohozi kimekuachia na goti halikusumbui kwenye ule mteremko wa shambani. Mimi sijambo. Naamka, nakwenda kwenye nyumba ya wazee ninayofanyia kazi, nawaogesha, nawalisha, narudi. Baridi ya Ujerumani imeanza, lakini wewe wa milima ya Mapera hujawahi kumhurumia mtu kwa baridi, basi hilo naliacha.

Barua hii ataileta Sista anayekuja likizo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu tunaishia kulia wote wawili, bando linakatika, na neno lililonifanya nipige linabaki kooni.

Uliniuliza ni mashine gani hiyo inayonilaza. Ni kidude kimebandikwa mkononi, kinasoma sukari kila baada ya dakika chache, na pampu ndogo inakaa kiunoni ikiwa na insulini. Vinasemezana vyenyewe. Sukari ikipanda, pampu inaongeza dawa. Ikianza kushuka, inaifunga dawa. Jana asubuhi nilitazama kwenye simu nikaona kwamba usiku sukari ilitaka kushuka mara mbili, na mara mbili mashine ikaizuia. Mimi sikujua kitu, nilikuwa nakoroma. Sisemi ni muujiza. Chakula bado nakipima kwa macho kila mlo, na mrija wa pampu ukijikunja inapiga kelele kama kuku aliyekanyagwa. Lakini nalala, mama. Sikumbuki kulala hivi tangu nipatwe na ugonjwa huu nikiwa kidato cha pili.

Wakati ule mashine ilikuwa wewe. Ulikuwa unanipapasa shingo gizani kutafuta jasho. Ukilikuta, unanikalisha, unanitia maji ya sukari kwa kijiko, unanigombeza kwa Kimatengo mpaka nizinduke. Asubuhi unachukua jembe kama mtu aliyelala. Na sasa Kandida wangu ana ugonjwa uleule, ana miaka kumi na miwili, na shingo unayoipapasa ni yake. Nimekurudishia kazi uliyokwisha kuimaliza.

Nimejaribu, mama. Pampu yangu ya zamani iko kabatini. Nilimwambia nesi wa kliniki kwamba nataka kuituma nyumbani kwa mwanangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza: mrija unaobadilishwa kila siku mbili tatu utatoka wapi? Kile cha mkononi kikiisha muda wake? Nani ataipanga kulingana na mwili wa mtoto? Na ile dawa ya mchanganyiko anayochoma Kandida asubuhi na jioni haitiwi kwenye mashine hii hata kidogo. Nilirudi nyumbani nikalifunga kabati.

Kisha ukaniambia habari ya kitambaa. Kwamba siku hizi ukishinda unachimba mashimo ya ngoro kule mteremkoni, usiku husikii kitu, kwa hiyo umechana khanga, ncha moja umejifunga mkononi, nyingine umemfunga Kandida, ili akihangaika akuvute uamke. Ulicheka ulipokuwa unasimulia, ukasema mnalala kama mbuzi wawili wa kigingi kimoja. Mimi sikucheka. Nilitazama kiuno changu na mashine yake nikaona haya.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Jumapili ile Kandida alipoanguka kwenye mstari wa komunyo, watu wakisema njaa, wengine mashetani, mpaka mama mmoja wa kwaya akamnywesha soda aliyokuwa amemchukulia mwanawe, wewe uliniapia kwamba mtoto alikuwa amechoma sindano na amekunywa uji. Hukudanganya. Ulimpa uji kweli. Kesho yake aliniambia mwenyewe kwenye simu, kwa sauti ya chini ili usisikie: "Mama, niliwamwagia kuku. Bibi hali kitu toka usiku mpaka apokee komunyo. Mimi nitapokeaje na uji tumboni?"

Mama, sindano alikuwa amekwisha kuchoma. Dawa ile ikiingia haingoji misa iishe. Na saa hiyo mimi nilikuwa nimelala huku, mashine ikinilinda.

Nakujua. Umefunga hivyo tangu ukiwa msichana, na padre akieleza kwamba siku hizi ni kufunga saa moja tu kabla ya komunyo, na kwamba mgonjwa hata hiyo haimfungi, wewe unaitikia "ndiyo baba" na unaendelea na yako. Utasema: basi nitamsimamia mpaka amalize kikombe. Atamaliza siku utakayomsimamia. Siku utakayotangulia kanisani atawaita kuku. Mtoto huyu hasikilizi maneno yako, anatazama unavyofanya. Ni mimi mtupu.

Kwa hiyo naomba jambo zito. Jumapili, akishachoma sindano, keti naye jikoni, unywe uji wako akiwa anakuona. Si kuonja, umalize. Najua ninachokuomba, nimekiandika mara tatu na kukifuta. Kama ni dhambi, iandikwe kwangu. Asiyekuwepo na lake halipo, nalijua hilo, na mengine yote nimekubali yasiwepo. Hili moja nakusihi liwepo.

Nisalimie shangazi wa Lundo, mwambie usipa aliotuma, dagaa wale wa ziwani, ulifika umevunjikavunjika na niliula hivyohivyo nikilia. Nisalimie baba mdogo na kahawa yake, na mke wa kaka, ambaye namshukuru kwa kwenda Mbinga kuchukua dawa. Yule mama wa kwaya mpe mkono wangu, umshike kwa mikono miwili. Kandida mwambie sijakasirika. Usimwambie kwamba nimekuomba hili. Aone tu bibi anakunywa.

Mashine siwezi kuileta, shingo yake siwezi kuipapasa, hata kitambaa chenu siwezi kukishika. Nina kikombe chako tu. Kunywa, mama.

Mimi mwanao ninayelala,
Gaudensia