Kadi ya Theluji Mpaka Aprili

Jumanne, 14 Oktoba 2025

Nimewaficha watu wa nyumba hii jambo moja. Naelewa Kichina. Si kile cha sokoni cha "ghali" na "punguza" — Kichina cha watu wakizungumza wao kwa wao. Nilikiokota polepole, kwenye televisheni yenye maandishi chini, na kwa wazee wanaocheza karata bustanini. Mwanzo nilificha kwa aibu ya matamshi. Baadaye nikaona faida. Mzee asiyeelewa, watu husema lolote mbele yake! Nilifundisha jiografia Tanga mpaka nikastaafu, binti yangu akanileta huku kwake, na mwalimu siku zote hutaka kujua wanafunzi wanasema nini akigeukia ubao.

Leo nimeambulia. Hospitali, mkwe wangu Haidar ndiye aliyenitafsiria. Daktari alizungumza naye kirefu, mimi nikitazama dirisha. Haidar akageuka: "Vidonda vya tumbo, baba. Utameza dawa, utapona."

Vidonda! Daktari alisema saratani ya kongosho, na kwamba imeshasambaa. (Neno lenyewe sikulijua, nimelitafuta kwenye simu nikiwa chooni.) Alisema tukiufikia mwaka mpya wao, Februari, tushukuru. Na akasema mzee asiambiwe, atavunjika moyo. Ndiyo desturi yao hapa, habari hupewa jamaa.

Kwenye teksi Haidar alinifunga mkanda mwenyewe, akaniuliza kama nasikia baridi. Simwamini mtu anayekuwa mwema ghafla.

Alhamisi, 16 Oktoba

Baada ya chakula, mjadala wa theluji. Mjukuu wangu Swalha anakwenda kuteleza kwenye ukumbi wa theluji kule Huadu — skii, mbao miguuni, ndani ya jengo! — na sasa anataka kadi ya msimu. Kadi moja, kumbi za miji kadhaa, na milima miwili ya kweli Heilongjiang, kaskazini kabisa. Kuanzia Novemba mpaka mwisho wa Aprili.

Nikaomba nione tangazo, nikalitazama kama mtu anayetazama picha. Masharti yote yako chini, kwa herufi za kutesa macho. Fedha hairudishwi. Kadi ina sura ya mwenyewe, haiazimwi. Sikukuu haifanyi kazi. Mbao na viatu unakodi mwenyewe. Hili ni robota lililofungwa — juu wamepanga mashati mapya, chini hujui kuna matambara gani.

Binti yangu Mwanakhamis akachukua kikokotoo cha dukani.

"Tukienda mara nne imejilipa. Na tutaenda. Mizigo ya msimu ikishatoka, watu wakisharudi kazini baada ya mwaka mpya wao, Machi nafunga duka."

Afunge duka? Huyu aliyerudi dukani Swalha akiwa na siku arobaini, kambeba mgongoni!

"Baba alitufundisha theluji kwa chaki," akasema. "Sasa ataiona kwa macho yake, inshallah. Machi."

"Basi tuchukue za watu wanne," Haidar akadakia. Haraka mno. Mtu huyu hubishania bei ya chumvi.

Nina mashaka. Haidar anajua. Mtu na mkewe, basi na Mwanakhamis anajua. Mfanyabiashara gani hulipia mzigo anaojua hautafika? Wananichezea mchezo. Watanionyesha picha ya kadi kwenye simu, nifurahi, yaishe. Au wamenunua za watatu tayari na hii ya nne ni maneno tu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Niliomba kwenda dukani kwa Mwanakhamis, mtaa wa Guangyuan Xilu. Nilisema nimechoka na kuta. Ukweli, nilitaka kumwangalia Mwanakhamis usoni mchana, akiwa kazini, mahali ambapo hajui kuigiza.

Hakuna nilichokiona. Anafunga mizigo, anagombana na wapagazi, anacheka. Albertine, mteja wake wa Lubumbashi, alikuwa amekalia marobota yake ya jinzi asiyaache. Akaelezwa habari ya kadi.

"Muko nalipa juu ya kuanguka? Franchement, maman! Kwetu bantu banaanguka bure!"

"Baba hataanguka," Mwanakhamis akamjibu. "Baba atakaa na chai yake, atuhesabie sisi tukianguka."

"Basi papa ndiye mwenye akili. Mununue yake moja tu!"

Jioni tukapitia duka kubwa wanakouzia hizo kadi. Msichana mwenye kofia nyeupe. Mwanakhamis akaanza kwa desturi, akataja nusu bei. Msichana akatabasamu, akaonyesha bango: bei ya mapema, mwisho Jumapili tarehe 26, baada ya hapo inapanda. Hapunguzi.

Nikamnong'oneza, "Ondoka. Atakuita."

Ndivyo tufanyavyo sokoni Zhanqian. Unageuza mgongo, unatembea kama mtu mwenye duka jingine akilini, na hujafika ngazi utasikia bosi anapiga kelele, rafiki, rafiki! Tukaondoka. Taratibu, kwa sababu yangu. Tukafika ngazi za umeme. Kimya! Msichana alishageukia watu wengine. Mtu wa mshahara, umwondokee, umrudie, kwake ni mamoja. Na mimi ndiye niliyesoma!

Nilifurahi moyoni. Basi, imeisha habari ya kadi.

Ndipo Mwanakhamis akageuka kutazama nyuma. Sokoni hageuki. Tangu nianze kukaa kwenye kile kigoda chake sijamwona akigeuka. Ukigeuka, bei imekushinda.

Anaitaka kweli. Sasa sielewi.

Jumanne, 21 Oktoba

Maumivu. Uji tu, nao umerudi. Nimesema ni pilipili. Mwanakhamis amemwaga chupa nzima ya pilipili kwenye sinki! Haidar hakuinua macho.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nilikuwa sebuleni na tasbihi. Haidar na Swalha jikoni, mlango wazi, wakizungumza Kichina kama kawaida yao wakitaka babu asisikie.

Swalha alisema: babu ngazi za hapa nyumbani zinamshinda, kadi yake ya nini? Tununue tatu.

Haidar: tukinunua tatu, mama yako ataniuliza kwa nini.

Swalha: si umwambie amechoka tu?

Haidar: kamata hizi sahani, nyamaza.

Nilisahau tasbihi ilipofika. Hajui! Mwanakhamis hajui kitu. Machi yake ni Machi ya kweli. Nilimshuku kwa siku hizi zote, nikimchungulia uso kama mwizi, na yeye anapanga safari.

Mshukiwa kabaki mmoja. Haidar anangoja nini? Ni wakala wa mizigo, na msimu huu wa kontena ndio mtaji wake na mkewe. Je, anangoja zitoke, ndipo aseme? Au hana mdomo wa kulitamka? Nimemtazama akiosha vyombo. Suruali inamwanguka kiunoni. Sijui. Sipendi kutojua.

Lakini nami nimenyamaza. Yeye ananyamaza kwa Kiswahili, mimi kwa Kichina. Katikati amekaa mwanangu anapiga hesabu ya mara nne.

Na mwalimu wa jiografia anajua lingine. Heilongjiang theluji huanza Novemba. Machi haikuchaguliwa na theluji. Imechaguliwa na duka.

Jumapili, 26 Oktoba

Siku ya mwisho ya bei.

Mwanakhamis alikaa nami kwenye kochi, simu mkononi, sauti wazi. Msichana wa kadi upande wa pili. Sura ya Swalha imepigwa picha. Ya Haidar imepigwa, macho chini, ikabidi irudiwe.

"Haya baba, tazama hapa. Usikunje uso, watakukatalia getini!"

Nikamwambia angoje. Kwanza aulize: asiyeweza kwenda, kadi yake inakuwaje? Akauliza kwa Kichina chake cha rangi na bei. Msichana akajibu mbio, masharti matupu. Mwanakhamis akamgeukia mumewe amfasirie.

Haidar akasema, "Hakuna tatizo, anasema. Nunua tu."

Sicho alichosema msichana.

Nikainama kwenye simu. Matamshi yangu yalikuwa ya mtoto aliyeitwa ubaoni. Nikauliza, kwa Kichina: binti, mwenye kadi akifa kabla ya Machi?

Swalha aliangusha kikombe. Msichana akajibu kwa heshima, taratibu, kama wanavyosema na wazee wao: italetwa hati ya hospitali, babu, watafikiria.

Mwanakhamis alikuwa amenishika mkono. Hakuuachia.

"Baba," akasema. "Kichina umekijua tangu lini?"

Haidar alikuwa amesimama. Akakaa tena.

Nikamjibu kwa Kiswahili, kila neno mahali pake. Tangu kabla ya siku ile ya hospitali, mwanangu. Nilimsikia daktari. Machi mimi sitakuwepo.

Simuni msichana bado alikuwa anaita, wei? wei?