Jina la Bibi Kwenye Programu

Alhamisi, baada ya Isha

Na kumbe hawakuwa hata na hasira!

Wiki nzima niliogopa kushtakiwa kwa sababu ya barua pepe ya wale watengenezaji wa programu ninayoitumia: niondoe jina na nembo yao kwenye bidhaa yangu. Mimi nilidhani nashukuru. Wametoa programu yao bure, juu yake nimejenga yangu ya kuhesabia mizigo ya maghala, basi nikaweka jina lao juu kabisa, kama mtu anavyompa mwanawe jina la aliyemfadhili.

Salim, mume wangu, akashauri: "Futa kila kitu chao, hata ile leseni yao ya matumizi iliyomo ndani." Ningemsikiliza ningejimaliza. Leo wamejibu: kutumia na kuuza ni ruhusa, mradi leseni yao ibaki ndani. Jina tu ndilo si langu.

Nikaiita programu yangu Mwanakombo, jina la bibi yangu wa Tanga, aliyejua kila gunia dukani kwake bila daftari. Mchana meneja wa ghala moja la huku ugenini, Smithfield, amehangaika kulitamka, kisha akasaini mkataba.

Baada ya chakula cha jioni Salim kaosha vyombo vyote bila kuombwa. Raha iliyoje!

Bibi hakujua kuandika jina lake. Kesho ghala zima litaanza kazi kwa kulibonyeza kwenye skrini.