Nyama Uliyonitumia Sijaila

Kaka Prosper mpendwa,

Nyama imefika. Aliniletea dereva wa pikipiki aliyetoka upande wa Walikale, imefungwa kwa majani vile mama yako anavyofunga, na kamba ya mti juu yake. Nilimwuliza ametumwa na nani. Alisema amepewa na mwenzake, na mwenzake amepewa na mzee mmoja wa kwenu Itebero, na maneno yaliyokuja nayo ni haya tu: "Hii njo sehemu ya Bauma." Akawasha pikipiki akaenda zake. Nilibaki mlangoni hapa Nyabiondo na kifurushi mkononi.

Wakati ule tulikuwa tunapalilia maharagi. Sasa tumeshavuna, na nyama yako bado imetundikwa jikoni, juu ya moto. Mke wangu ananitania kila Jumapili, anauliza kama nyama ile tunaila au tunaifuga.

Barua hii sikuifunga kwa gundi. Kila atakayeibeba na aisome akitaka. Uongo wangu juu yako ulisomwa mahakamani kwa sauti, mbele ya watu usiowajua. Sioni kwa nini ukweli uje kwako umefichwa ndani ya bahasha.

Unakumbuka ulivyonipeleka kwenu mara ya kwanza? Bado tulikuwa kwenye boti za ziwa, kati ya Goma na Bukavu, wewe fundi wa mashine, mimi mpaka rangi wa majina ya boti. Ulikuwa hujaacha kunicheka kwa kile kibao cha kanisa letu nilichoanza kwa herufi kubwa mno, mpaka neno la mwisho likakosa pa kukaa. Pikipiki ilishindwa na matope, tukatembea siku nzima msituni, wewe unapiga mluzi, mimi nahesabu malengelenge. Kesho yake mzee, papa yako, alitupeleka kuwinda. Aliomba kwanza kwa jina la Yesu, kisha akafanya mambo ya wazee wake karibu na wavu, kimyakimya, na alipoona namwangalia akasema Mungu anaelewa.

Aliniweka kwenye ncha ya wavu. Paa alipokuja mbio mbele ya mbwa, mimi nikapiga chafya. Paa akageuka akapita pembeni, na wanaume wa kijiji chenu wakacheka mpaka wakakaa chini. Baadaye walipata mwingine. Ilipofika kugawa nilijificha nyuma yako kwa aibu, lakini papa yako aliniita, akaniwekea bega juu ya jani. Nilisema sistahili.

"Ulishika wavu," akaniambia. "Mwenye alishika wavu, iko na sehemu."

Akanieleza kwamba sehemu hiyo hakuna mtu wa kuniondolea. Nikikosea, ni yangu. Nikiwa mbali, itakaushwa na kutunzwa. Anayeweza kuivunja ni mimi peke yangu, kwa kuirudisha nyama kwa mkono wangu kwa wale walionipa. Nilidhani ananifariji tu kwa sababu ya ile chafya.

Halafu tukaenda Mombasa kwa wakala wa mabaharia, na kutoka pale tukapanda meli ambayo mpaka leo sijui kueleza ilikuwa ya nani. Bendera ya nchi moja, matajiri wa nchi nyingine, mikataba yetu imepigwa muhuri katika nchi ya tatu. Wewe ulisema hata mbuzi wa kijijini Nyamitaba ana mwenyewe anayejulikana. Chini kwenye chumba cha mashine tulikuwa wawili tu wenye lugha moja, na ulinifundisha kila kitu kwa Kiswahili cha kwetu, ukinishika mkono kwenye vali kama mtu anayemfundisha mdogo wake kukamua ng'ombe.

Maji machafu yenye mafuta yalitakiwa yapite kwenye mtambo wa kuchuja kabla ya kumwagwa. Mtambo ulikuwa umekufa tangu kabla hatujafika, na fundi mkuu hakuwa na haja ya kuutengeneza. Alikuwa na bomba lake la kando. Tukiwa mbali na pwani alikuamuru ufungue bolti, mnaunga bomba, uchafu unakwenda moja kwa moja baharini. Kisha bomba linafichwa na bolti zinarudishwa. Lakini spana huacha alama, na mkaguzi wa bandarini akiona rangi imekwaruzwa huanza kuuliza maswali. Ndiyo maana walitafuta mtu mwenye mkono mzuri, wakanipata.

Nilipaka vizuri sana, Kaka. Nilichanganya rangi ya kijivu na masizi kidogo ili isionekane mpya. Fundi mkuu alinipigapiga mgongoni, akaniita msanii, nami nikafurahi siku nzima. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kisha ikaja ile asubuhi tulipopita karibu na mitumbwi ya wavuvi, mahali tulipokuwa tumemwaga siku iliyotangulia. Mzee mmoja alivuta wavu wake, na wavu ulikuwa mweusi wote, unachuruzika. Hakututukana. Aliuinua tu kwa mikono miwili ili tuuone. Ulisimama pale ukimwangalia mpaka akapotea machoni. Amri ilipokuja tena, uliiweka spana chini mbele ya miguu ya fundi mkuu, ukanigeukia mimi.

"Mi sitafungua tena," ulisema. "Bauma, bale batu biko na wavu sawa ya papa."

Nilijua unasema wavuvi wale ni watu wa wavu kama papa yako, lakini nilikushauri ufungue tu, kwamba imebaki miezi michache.

Tulipofika Mombasa walikushusha, wakaandika kwamba umekataa kazi. Kifua chako tayari kilikuwa kinapiga filimbi kwa sababu ya dawa za kuoshea matangi, ambazo walitupa bila kitu cha kufunika pua. Ulikuwa unafunga mizigo yako uliponiita pembeni, ukanipa kitambaa kimefungwa. Ndani yake kulikuwa na bolti moja ya lile bomba, kuukuu, waliyoibadilisha, na rangi yangu juu yake tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu.

"Bataangaria mu saki yangu," ulisema. "Mu yako hapana. Chunga hii." Ulijua watapekua mfuko wako, si wangu.

Ukaishitaki ile kampuni ya meli kwa kukufukuza, kwa kifua chako, na kwa yale mafuta. Hukuficha kwamba miezi ya mwanzo wewe mwenyewe ulifungua kwa amri. Matajiri walidaka hapohapo, wakasema ulimwaga kwa uvivu wako, bila kutumwa na mtu. Walihitaji shahidi. Mtu wao alinialika hotelini, chai ipo, karatasi imeshaandikwa. Ilisema nilikuona ukifungua kwa siri, na kwamba mimi sikuwahi kupaka chochote mahali pale.

Ningependa kukuambia nilitishwa. Sikutishwa. Alinionyesha mkataba wa meli yao nyingine, basi. Niliogopa kurudi kwenye jembe kabla watu wa Nyabiondo hawajaona kwamba nimekuwa mtu. Nilitia sahihi, tena kwa mwandiko mzuri.

Bolti yako wakati huo ilikuwa kwenye sanduku langu, chini ya shati la kanisani. Sikuitupa wala sikuitaja. Nilikwenda kwenye meli ile nyingine, na kule pia walikuwa na bomba, nami nilipaka tena mpaka mkataba ulipoisha. Wakili wako alinipigia simu mara tatu, nikakata mara tatu. Nilisikia mahakama imekukatalia. Nilisikia umerudi Itebero na kwamba njiani ulikuwa unakaa chini kila baada ya hatua chache, wewe uliyenitembeza msitu mzima ukipiga mluzi. Hata hapo sikukuandikia.

Baada ya hayo yote, ukanitumia bega. Sijui ni wewe uliyesema lipelekwe, au ni papa yako ambaye mambo ya wavu hayachanganyi na mambo ya mahakama. Afadhali ungenitumia matusi. Matusi ningejua pa kuyaweka.

Mke wangu alinikuta nimekaa na kifurushi magotini, akauliza tangu lini mtu mzima analilia nyama. Nikamweleza yote, maana naye nilikuwa nimemficha. Alimaliza kumenya mihogo yake. Kisha akaniita kwa jina la mtoto wetu, "Papa Furaha, hii nyama hauwezi kula. Na kuirudisha, bado."

Siku hiyohiyo nilipanda kilima panaposhika mtandao, nikampigia wakili wako. Rufaa yenu ilikuwa haijasikilizwa. Aliomba mahakama inipokee, ikakubali, nami nikasafiri hadi Mombasa na bolti mfukoni, naigusa kila mpaka kama mtu anayehofia kuibiwa. Nilitumaini utakuwepo, na niliogopa utakuwepo. Wakili alisema kifua hakikukuruhusu.

Kiswahili changu kiliwachekesha kidogo. Karani aliniomba nirudie mara mbili ili aandike. Mwanasheria wa matajiri hakucheka. Alinisomea karatasi yangu ya kwanza, neno kwa neno, jina lako ndani yake, mpaka masikio yakawaka moto. Akaniuliza siku ipi nilisema uongo, ile au hii. Nikasema ile. Akauliza nilipewa nini. Nikasema mkataba, na kwamba nilitaka kurudi baharini. Akauliza kwa nini mahakama imwamini mtu wa namna hiyo, nikamwambia swali lake ni zuri.

Nikaitoa bolti, nikaomba kitu kimoja, waandike kwanza ni mara ngapi niliipaka bolti ile, halafu ndipo bolti ikwanguliwe. Zile siku nazikumbuka zote. Nilisema kumi na nne. Fundi waliyemwita alikwangua polepole kwa kisu chembamba, chini ya taa, akitaja kila tabaka. Alifika kumi na nne, na chini yake kulikuwa na rangi ya kiwandani.

Hukumu bado. Wakili anasema tuna nguvu sasa kuliko mwanzo, lakini hataki kutupa matumaini ya bure. Amenionya pia kwamba kwa ule uongo wa kwanza naweza kushitakiwa mimi. Wakala amefuta jina langu, kwa hiyo jembe nililolikimbia ninalo mkononi kila asubuhi. Sawa. Wewe ulikaa miaka miwili na jina la mmwaga mafuta, na ni mimi niliyekupaka jina hilo. Hata ukishinda, pumzi zako hakuna jaji atakayezirudisha. Najua. Siandiki ili uniambie si kitu.

Hukumu ikitoka, iwe nzuri au mbaya, nitakuja Itebero kwa miguu, na nyama hii mkononi. Nitaiweka mbele yako na papa yako. Mkinyoosha mikono kuipokea, nitajua sehemu yangu imekwisha, nami nitarudi Nyabiondo bila kulalamika. Mkinipa kisu niikate, nitaikata.

Ila mwambie mama aweke maji mengi kwenye sufuria. Imekaa sana juu ya moshi, imekuwa ngumu kama ubao, na itatubidi tukae muda mrefu pamoja kabla haijalainika.

Mdogo wako wa kwenye ncha ya wavu,
Bauma