Maziwa Hayaoshi Dawa ya Magugu

Shangazi Wacuka, kama uko na dakika nisikilize, maana nimechoka, hata kulia nimechoka. Mimi ni Nelima wa Cheptais, nimeolewa hapa Saboti miaka sita, na mimba tatu zimetoka, zote kabla ya mwezi wa nne, na hospitali ya Kitale walinipima wakasema niko sawa, lakini mama mkwe anasema tumbo langu ndio mbaya na ati mahindi ikivunwa nirudi kwetu bwanangu aoe mwingine, na yeye bwanangu Wekoye ananyamaza tu. Kazi yake ni kupulizia mashamba ya watu dawa ya magugu, anabeba pampu bila glavu hadi mgongo inalowa, na akirudi nampa maziwa lita moja ioshe sumu, si ndio vile wanaume wote hapa hufanya, kisha nafua overoli yake kwa beseni ya nguo zetu. Juzi nesi akaniambia hiyo dawa inaweza kuharibu DNA ya mwanaume. Nimeogopa kumwambia, kwa sababu hiyo kazi ni mimi nilimtafutia. Nifunge nguo zangu ama ninyamaze?

Pole, Nelima. Mimba tatu si mchezo. Lakini na nyinyi na hayo maziwa, jamani! Maziwa yanaenda tumboni, dawa imeingilia ngozini na puani. Vitakutana wapi?

Nesi hakukosea. Dawa nyingine za kupulizia zikiingia mwilini huzalisha radikali huru, yaani molekuli iliyopungukiwa elektroni moja. Hiyo haitulii. Inampora jirani yeyote, na jirani akiwa DNA, ule uzi wa maagizo ya kuumba mtoto, herufi inageuka ikasomwa vibaya, au uzi wenyewe unakatika. Seli nyingi hujirekebisha, lakini mbegu ya mwanaume iliyokomaa karibu haiwezi. Sisemi ndiyo sababu yenu, mimba hutoka kwa mambo mengi. Nasema mmepima mmoja mkahukumu mmoja.

Mwambie Wekoye leo. Kazi ulimtafutia kwa nia njema, sasa mwombe aiache. Akikataa, avae glavu, barakoa na nguo isiyopenya maji, aoge kwa sabuni akitoka shambani, na overoli ifuliwe peke yake, nawe uvae glavu. Mbegu mpya huchukua kama miezi mitatu kukomaa, kwa hivyo msitafute mtoto kwanza. Na aende hospitali apimwe, hata kama ni shingo upande.

Mama mkwe akikuuliza tena utarudi lini kwenu, usimjibu wewe. Ni mama yake Wekoye, amjibu Wekoye. Akinyamaza na hapo, mwanangu, funga nguo.