Aliyekuwa Upande wa Pili

Mjukuu wangu Zaina,

Amahoro. Huku Rumonge tuko, mama yako mdogo amejifungua mutoto wa kike, na mvua imeshika. Nyumba imekuwa kubwa tangu uende Ulaya.

Umeniuliza kama vitani nilishinda. Nikueleze siku moja tu.

Vita vilipoisha nilipata kazi Kizuka, kwenye mashine ya kukamua mawese. Watu wawili wanasukuma mti mmoja mrefu wakizunguka, kila mmoja anaufuata mgongo wa mwenzake. Mwenzangu aliitwa Melkiori. Akaniuliza nilikuwa wapi wakati wa risasi.

"Kule juu mlimani," nikamwambia.

Akasimama. "Mimi nilikuwa huku chini. Basi ni nyinyi mliokuwa mnatupiga."

Nami nikasimama. Mwenye mashine akapaza sauti: "Sukumeni, ngazi zinapoa." Ngazi ni matunda ya mchikichi, yakishapoa, mafuta hayatoki vizuri. Tukasukuma. Kazi ilipokwisha tulikuwa tumechoka mno kugombana, tukala bugali sahani moja. Tukaendelea hivyo mpaka tukazeeka.

Melkiori tumemzika kule Gatete juma lililopita. Watu wanashangaa ninavyomlilia mtu asiye ndugu yangu.

Kushinda sikujui, Zaina. Ninachojua ni kwamba mtu mmoja tu alielewa nilivyoogopa kule mlimani, kwa sababu naye alikuwa akiogopa huku chini. Sasa woga ule nimebaki nao peke yangu.

Ukipata nafasi, nipigie. Mimi niko tu.

Babu yako