Taya Jipya la Zaituni

Mama,

Naanza na lile ulilokuwa ukiliuliza kabla hata sijamaliza salamu: Zaituni amekula? Amekula. Amekula korosho, tena nzima, si za kusagwa. Amekaa pale kizingitini kwako, kapakata bakuli, anatafuna upande wa kushoto, na mlio wake unanifikia hadi huku ndani ninakoandika. Mama mdogo Somoe amemwambia awaachie na wengine. Hasikii.

Nilitaka ulijue hilo kwanza.

Nyumba ipo. Mlango wa uani umerekebishwa, haukwami tena. Mama mdogo amehamia chumbani kwako, na kuku wake wanalala jikoni, jambo ambalo wewe usingelikubali hata siku moja. Mimi bado naishi Dar, hapa nimekuja tu, bado maabara, ile kazi uliyokuwa ukiwaeleza majirani kwamba Hadija anafuga vijidudu. Si vijidudu, Mama. Nimekueleza mara nyingi, ukaniitikia "haya, mwanangu" kwa ile sauti ya kumnyamazisha mtoto. Nakueleza tena, maana sasa huwezi kunikatiza.

Ndani ya uboho, ule uliokuwa ukiugonga sahanini siku za supu, kuna seli chache ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini. Zinaitwa seli shina. Ukizitoa kwa mtu, ukaziweka mahali penye joto la mwili na chakula chake, zinaongezeka. Ukizipa kiunzi cha kushikilia, yaani punje za madini ya chokaa zilizotengenezwa zifanane na mfupa, zenye matundu matundu, zinaweza kugeuka mfupa. Zinaweza. Nimeishi na neno hilo. Hazilazimiki. Nyingine hukaa tu, nyingine hufa, na asubuhi unafungua kabati la joto unakuta maji yao yamepata ukungu, na kazi yote ni ya kumwaga.

Ulilijua hilo, ingawa ulijifanya hulijui. Ndiyo maana siku zile za mwisho ulinishika kiganja ukaniambia, "Zaituni asije akawa jaribio la mtu. Hata lako."

Na mimi sikukuuliza ulimaanisha nini.

Unakumbuka tulivyotoka na ndugu yangu huyo hospitali mara ya kwanza. Ule uvimbe wa taya ulikuwa umekua hadi ushungi haukuweza kuuficha, na madaktari wakakata kipande cha taya la chini, upande wa kulia, pamoja na meno yaliyokuwamo, wakaweka bamba la chuma kushika pengo. Wenzako wote pale wodini waliuliza mgonjwa atapona lini. Wewe uliuliza, "Hicho kipande mlichokitoa kiko wapi?" Daktari akadhani huzuni imekupanda kichwani. Ukamwambia kwa upole kabisa kwamba kwetu mtu hazikwi kwa mafungu, lakini kipande kikitangulia, kinazikwa. Walipomaliza vipimo vyao wakakupa. Ukakifunga kwa bafta nyeupe, ukakitia kwenye kopo la samli, ukapanda nalo basi.

Konda alikuuliza, "Bi mkubwa, humo mna samaki? Samaki hawapandi gari hili."

"Si samaki. Ni wa kwetu, anarudi nyumbani."

"Umemkatia tiketi?"

"Anakaa mapajani. Hana uzito."

Gari zima lilicheka, na wewe ukacheka nao. Mimi niliyekaa pembeni yako nilikuwa nimeona haya, nikatazama dirishani hadi Nangurukuru. Tulipofika nyumbani Kivinje ukamzika, maana wewe ulisema kumzika, wala hukusema kukizika, kwenye kiwanja chetu cha makaburi, karibu na miguu ya Babu. Baadaye nawe ukaja ukalala jirani yake.

Baada ya msiba wako lile bamba lilivunjika. Zaituni hakuanguka wala hakupigwa. Alikuwa akipiga mwayo, basi. Kidevu kikahamia upande, meno ya juu na ya chini hayakukutana tena, na Zaituni akawa mtu wa uji na viazi vya kuponda. Dukani alikuwa akionyesha kwa kidole, asifungue mdomo. Simu hakupokea. Mama mdogo alikuwa akimtania ili aongee, "We bubu, umemuuzia nani sauti?" na Zaituni anageuza uso ukutani. Nilikuwa nikija likizo nikamwona hivyo, kisha nikarudi Dar kutazama seli zinazoweza kuwa taya. Sijui kama unaelewa, Mama. Nilikuwa nalala na ufunguo mkononi, na ni wewe uliyenikataza mlango.

Ikafika wakati kikundi chetu kikapata ruhusa ya kuwatibu watu wachache kwa seli zao wenyewe. Sikumwambia Zaituni. Alisikia kwa daktari wake, akanipigia simu mwenyewe, yeye asiyepiga simu, na maneno yakimtoka upande mmoja.

"Mama alisema nisiwe jaribio," akasema. "Hakusema nisiwe na taya."

Akaendelea:

"Na kama ni jaribio, basi ni langu mimi. Mimi ndiye ninayekunywa uji."

Kisha akauliza lile ambalo ungeliuliza wewe: hizo punje zimetoka kwa mnyama gani? Nikamwambia hazikutoka kwa mnyama yeyote, ni madini tu. Akasema, "Alhamdulillahi, nilikuwa nimejiandaa kugombana."

Mkuu wetu wa maabara, mama mmoja mkali asiyepandisha sauti, aliniita ofisini. "Ndugu yako akiingia, wewe unatoka," akasema. "Hugusi, hufungui, huulizi. Mtu hapiki chungu anachokililia." Nikasema sawa. Nilidhani nitaumia. Nikashangaa kuona mabega yangu yameshuka. Niliposikia hivyo ndipo neno lako "hata lako" likaacha kunichoma kwa mara ya kwanza, kwa kuwa jaribio halikuwa langu tena.

Walitoa uboho nyongani kwake. Akawa anachechemea, anajicheka mwenyewe, "Wamechimba kiuno kujaza shavu." Seli zake zikawekwa katika kabati lile lile ninalolifungua kila siku, ila rafu yake haikuwa yangu. Nilipita mbele yake kama mtu anayepita nje ya nyumba ya mchumba, nikijifanya naenda kwingine. Wakati mwingine nilisimama nikasikiliza, kana kwamba seli zina sauti. Kisha wakamfungua tena, wakaweka bamba jipya, wakajaza pengo kwa punje na seli zake, wakashona. Tukangoja. Picha za eksirei za kwanza zilionyesha wingu tu. Sikulala vizuri kwa ajili ya wingu hilo. Zilizofuata zilionyesha wingu limekuwa zito. Mimi ninayesoma picha hizo kwa ajili ya wengine nilikuwa nikimwomba mwenzangu anisomee hiyo moja.

Walipoona taya limeshika, wakalitoboa ili kupandikiza mizizi ya chuma ya meno yatakayokuja, na katika kutoboa huko wakatoa kipande chembamba cha kilichoota. Ni kama punje ya mchele. Nusu yake ilikatwa nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, ikatiwa rangi. Mkuu akaniita. "Njoo sasa uangalie. Sasa huwezi kuharibu kitu."

Mama, nimeona mifupa mingi kwa hadubini. Huu ulikuwa wa Zaituni. Punje za kiunzi zilikuwa zimezungukwa pande zote, na kati yake kuna mfupa mpya, na ndani ya mfupa seli zimetulia kila moja katika kijumba chake, kama watu waliokwisha kuhamia na kutandika vitanda. Kulikuwa na mishipa ya damu. Nililaza kichwa mezani.

"Usililie hadubini," mkuu akasema. "Ni ya ghali."

Nikainuka, nikajifuta, na neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Nusu iliyobaki iko wapi?" Nilisikia sauti yako kinywani mwangu. Sikuona haya hata kidogo. Nikamweleza kuhusu kopo la samli. Akasema kilichobaki baada ya kipimo ni cha mgonjwa, na mgonjwa akiridhia, nichukue.

Basi nimekuja nacho, kwenye kichupa chenye pamba. Safari hii konda hakuuliza kitu.

Leo baada ya alasiri tulikuja kwako wote watatu. Mama mdogo alibeba jembe. Tukakusomea, tukakuombea. Alipotaka kuchimba, pale pale karibu na kile kipande cha zamani, akasimama. "Hebu nikione." Nikamfungulia. Akakiweka kiganjani, akakigeuza.

"Hiki kimekufa?"

Nikaanza kumweleza habari ya dawa iliyokihifadhi. "Sikukuuliza dawa, msomi. Huko kilikotoka, tayani kwa huyu, kimekufa?"

"Kule kinaishi."

"Sasa tunazika nini? Wenzake wako hai, wanakula korosho zangu. Mimi msiba wa namna hii sijapata kuuona."

Zaituni akacheka. Kinywa wazi, bila kujifunika kwa ncha ya kanga, pale juu ya kichwa chako. Kisha akasema, "Jino la utoto mlikuwa mkilizika?"

Hatukuzika, sivyo? Ulitusimamisha uani, ukatugeuza tulipe paa mgongo, turushe jino juu ya bati, ukatufundisha kusema: panya, chukua bovu, niletee zima. Mama mdogo akasema hiki si kibovu. "Basi panya ataona haya," Zaituni akasema, "atanilipa meno yote yaliyobaki."

Kwa hiyo kama ulisikia watu wamekuja na jembe wakaondoka bila kugusa mchanga, ni sisi. Tulikwenda nyumbani. Zaituni akasimama uani, mtu mzima wa kuolewa, akalipa paa mgongo, akarusha. Kikagonga ukingo, kikarudi chini, na kuku mmoja akakikimbilia. Ungemwona Mama mdogo na lile jembe. "Toka, mwanaharamu, hiyo ni elimu ya watu!" Nilikipata mimi, kwa magoti, mchangani. Akarusha tena. Safari hii tulisikia mlio mdogo juu ya bati, kikabingirika kidogo, kikanyamaza. Kimekaa kwenye mfereji wa bati, juu ya chumba chako.

Mama, Zaituni hakuwa jaribio la mtu. Nimelitafakari sana na sasa naweza kukuambia bila kujikaza. Aliulizwa, akakubali kwa kinywa chake mwenyewe, kile kibovu. Nadhani hilo ndilo ulilolitaka. Kama sivyo, utaniambia tutakapoonana, na nitasikiliza bila kutazama dirishani.

Nakuahidi jambo moja. Kila mgonjwa atakayepita kwetu, nitamwambia kipande chake kiko wapi kabla mama yake hajalazimika kuuliza.

Mungu akupe nafasi huko uliko, akupe na usingizi. Huku hakuna wa kukuamsha tena. Zaituni ananiita. Korosho zinakaribia kwisha, na anasema ameniwekea zangu nikiwahi.

Nawahi, Mama.

Mwanao,
Hadija